Vitasa Saba vya Pasua

Aikande wa Kirua Vunjo alijifunza kusoma katika darasa la kipaimara, na hakuendelea zaidi ya hapo. Alisoma kwa kidole, neno moja moja, na mtu akimharakisha alianza upya makusudi. Kitabu cha Ufunuo alikuwa amekimaliza mara nne.

Mwaka 1999 binti yake Victoria, mjane, alihamia na mtoto wake katika nyumba ya maombi ya Mwalimu Melkior, kule Pasua. Melkior alifundisha kwamba maono ya Ufunuo ni ngazi: mihuri saba hufunguliwa, baragumu saba hulia, kisha Mungu hufunga vitasa saba vya mlango wa rehema. Mihuri na baragumu, alisema, vimekwisha. Akanunua vitasa saba, akavitia vyote kwenye mlango mmoja. Jumapili iliyofuata vingefungwa, watu wakiwa ndani.

Aikande alishuka kutoka mlimani asubuhi ya Jumapili hiyo, Biblia kikapuni.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kuokoka?" Melkior alimuuliza mlangoni.

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Malaika anakifanya nini kitasa chake?"

"Anakifunga."

"Soma."

Melkior akasoma, akasita. Malaika alikimimina.

"Haya, kimimine hiki cha mlangoni, nikione kinavyochuruzika."

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Kitasa hicho ni bakuli, mwanangu, Kiswahili cha zamani. Wala si ngazi. Baragumu ya pili, bahari ni damu. Bakuli la pili, bahari ni damu. Ya tatu mito, la tatu mito. Ya sita mto Frati, la sita Frati tena. Ni habari ile ile, kama mama anayemwita mtoto asiyeitika, kila mara anapaza sauti. Huwezi kuhesabu ukajua tumefika wapi."

"Bibi, wewe umesoma mpaka darasa gani?"

"La kipaimara. Na wewe?"

Melkior akaurudisha mlango nusu. Akaanza kufunga kitasa cha kwanza. Victoria aliutazama ufunguo ukizunguka, akambeba mtoto, akapita chini ya mkono wa Melkior, akatoka pamoja na mama yake. Watu kama arobaini walibaki ndani wanaimba.

Nje walisikia vingine vikifungwa, kimoja kimoja.

"Nyuma kuna mlango?" Aikande aliuliza.

"Ulizibwa kwa matofali Jumatano, mama."

"Na madirisha?"

"Jana."

Aikande akamkabidhi Victoria kikapu, akavuka barabara kwenda kwa seremala kuazima mtaimbo wa kuvunjia mlango. Aliporudi nao, kuimba kulikuwa kumekoma. Aliita mlangoni, akapaza sauti, hakuna aliyeitika.