Sifa Nilizopewa Korongoni

Majuzi jirani yangu hapa Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, alianika kamba ya nailoni kwenye uzio, jua la mchana likaipiga mpaka ikaanza kunuka, ile harufu ya plastiki na vumbi. Nilisimama na mifuko yangu ya sokoni mkononi, hasira ikanipanda. Ni hasira ya zamani, lakini bado ina moto. Ngoja niwaeleze ilikotoka.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kanisa la Wamarekani lililotupokea tulipofika Columbus liliwapeleka watoto kwenye jangwa la Utah, kushuka korongo moja jembamba. Papa, baba yangu, alikuja nasi kwa sababu walihitaji mtu mzima mwingine. Aliomba ruhusa kwenye ghala alikofanya kazi, akavaa viatu vyake vya kazini, akapanda basi bila hata kuuliza korongo lenyewe likoje.

Lilikuwa zuri, siwezi kukataa. Kuta nyekundu kama tofali lililoiva, zimekaribiana hadi ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili. Mchanga wa chini ulikuwa baridi, na mbingu ilibaki utepe mwembamba wa bluu. Sehemu kubwa ilikuwa kutembea tu. Ila hapa na pale mwamba ulikatika ghafla, na hapo unafungwa mkanda wa kiunoni na mapajani, unashuka kwa kamba ya nailoni iliyonuka jua na vumbi, ukilipa bonde mgongo. Korongo rahisi, walisema, hata watoto wadogo hulishuka.

Kwenye mkato wa kwanza, Kaylee, msichana wa rika langu, alilia. Walimkumbatia, wakampa chokoleti, wakamwambia achukue muda wake. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya wengine. Randy, kiongozi wetu wa vijana, mtu wa kucheka kwa sauti, akanishika bega.

"Aanze huyu!" akawaambia wote. "Huyu ametembea kutoka Kongo, haogopi kitu!"

Wakapiga makofi.

Jamani, kutembea kutoka Kongo! Milima ya Kivu Kusini niliihama mgongoni mwa mama, sijaota hata meno. Huko kambini Burundi hakukuwa na mahali pa kupanda pa maana, na hapa Columbus urefu nilioujua mimi ni ngazi za jengo letu. Lakini watu wakishakupigia makofi, unasemaje? Nilishuka. Macho nimeyafumba, viganja vinawaka. Nilipofika chini nikawasikia wakishangilia huko juu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nilikuwa mzima.

Mkato wa pili ukawa hivyo hivyo. "Shujaa wetu atangulie!" Nikatangulia.

Wa tatu ndio ulikuwa mrefu kuliko yote, kama kutoka dirisha la ghorofa ya pili, na kamba ya nyuma ilikuwa imeshavutwa, kwa hiyo hakuna kurudi. Randy akaanza tena wimbo wake. Nikakaa chini juu ya mwamba. Kiingereza changu chote, ambacho nyumbani nilimjibia mama kwa kiburi, kilinitoka.

"Papa," nikasema, "niko naogopa."

Randy aliuliza nimesema nini, Kaylee akamwambia kwamba naonekana naogopa. Akacheka. "Huyu? Ameona mabaya kuliko haya!"

Papa alikuwa nyuma ya mstari. Akapita kati ya watoto taratibu, akasimama mbele ya Randy. Sikuwahi kumwona Papa akimpinga Mmarekani yeyote. Kwao alikuwa na neno moja tu, *yes*, na tabasamu.

"Bon," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, Kifaransa kikiingia katikati. "Mtoto anasema anaogopa. Donc, anaogopa."

"Lakini nyinyi mlivuka milima kwa miguu!"

"Tulivuka sababu walikuwa wanatufukuza. Hapa, nani anatufukuza?"

Papa akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Na mimi niko naogopa, mama. Nitashuka mbele. Nitashika kamba kule chini. Mkono yako ikiteleza, nitaivuta kamba ikaze, utasimama. Lia kama unataka."

Alishuka vibaya, akijigonga viwiko, akimwita Yesu kwa Kinyamulenge, lugha ya kwetu. Kisha nikashuka mimi, nikilia kwa sauti hadi korongo zima likaitikia. Lilikuwa teremko pekee la siku ile nililoshuka macho wazi.

Jumapili iliyofuata Randy alionyesha picha yangu kanisani, akahubiri juu ya ushujaa wa wakimbizi. Nilikaribia kupasuka kwa hasira.

Nilipokua na kuanza kuhudumia wazee kwenye makao yao huko Westerville, msimamizi alinipangia mimi peke yangu kuwainua wagonjwa wazito. "Nyinyi mna nguvu," alisema, akitabasamu. Jioni ile nilimpigia Papa kumweleza. Akasema, "Masanduku yote mazito kule kazini walinipa mimi. Walisema hivyo hivyo. Miaka yote."

Papa hutembea amepinda mgongo, na tangu utotoni nilikuwa nimeamini uliharibika kwa sababu ya vita.

Kesho yake niliingia kwa msimamizi, nikamwambia mzee wa chumba cha mwisho ananishinda, anahitaji watu wawili. Akaanza kunisifu. Nikabaki nimesimama mlangoni, sitabasamu, mpaka alipomwita mwenzangu.