Tulilala Kedowa Kusikiliza Gari

Mume wangu alilipenda gari lile la mjini Kericho kwa sababu lilikuwa linang'aa, na mimi nililichukia kwa sababu hiyo hiyo. Lilikuwa la Kijapani, limepitia Dubai, si kubwa kama magari ya mameneja wa mashamba ya chai na si dogo kama gari la saluni, na lilivuta kwa magurudumu yote manne. Lilikuwa limepakwa rangi upya, rimu zinametameta, na bei yake ilikuwa nafuu. Ulikuwa msimu wa bonasi ya chai, malipo ya mwisho wa mwaka kwa wakulima, katikati ya miaka ya tisini, na kila mkulima wa Mogogosiek na Bomet mwenye chochote mfukoni alikuwa mjini akipapasa bodi za magari.

"Kuna mtu wa Bomet anakuja na pesa saa nane," dalali wa yadi ya magari akatuambia. Mtu huyo wa Bomet alikuwa anakuja saa nane kila siku tuliyofika pale.

Sisi hatukuwa tunanunua fahari. Mwaka uliotangulia, mvua za masika zikiwa zimeshika, nilipatwa na uchungu wa kuzaa mume wangu akiwa mbali, upande wa Soin, alikokuwa akifundisha. Pikapu ya jirani iliyonibeba ilizama kwenye matope kabla ya kufika lami, na tulipofika hospitalini mtoto alikuwa amekwisha kwenda. Mama mkwe na wanawake wa boma walimzika kabla mume wangu hajarudi. Katika familia yetu mtoto aliyezaliwa mfu hatajwi, basi hakutajwa. Sasa nilikuwa mjamzito tena, na huyu angekuja Aprili, katikati ya mvua. Nilitaka gari litakalowaka siku hiyo. Rimu na redio wangebaki nazo.

Tulikwenda kuliona mara kadhaa, na kila mara niliweka kiganja juu ya boneti nikakuta ni moto, kana kwamba wameliwasha kabla hatujafika. Mume wangu akasema labda wamelisogeza tu. Lakini mimi nimelelewa na ng'ombe. Kwetu, mtu akikuuzia ng'ombe wa maziwa, huendi kwake mchana ukaridhika na kiwele. Kuna wauzaji wanaomwacha ng'ombe bila kukamuliwa tangu jana ili kiwele kijae, nawe ukimfikisha nyumbani na furaha yako unakamua kikombe kimoja. Mnunuzi anayejua kazi yake hufika jioni, akashuhudia ng'ombe akikamuliwa mpaka tone la mwisho, akalala hapo hapo kwa mwenyewe, na asubuhi akashuhudia tena. Hapo ndipo watu huanza kuongea bei.

"Nataka nilikute limelala," nikamwambia dalali. "Tuje alfajiri, uliwashe mbele yetu."

Alicheka. "Mama, hii ni gari, si ng'ombe. Yadi inafunguliwa saa tatu."

"Basi mwachie mtu wa Bomet," nikasema, nikatoka. Mume wangu alinifuata amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Gari la pili lilikuwa Kedowa, kwa mfanyabiashara wa viazi ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Mkoa wa Kati. Lilikuwa la aina ile ile, lakini mawe ya barabarani yalikuwa yamelikwaruza kila mahali, viti vya nyuma vinanuka viazi, na bei yake ilizidi ile ya mjini kwa thamani ya ng'ombe wawili wa gredi, wale wa maziwa mengi. Miaka ile watu wetu na watu wao walikuwa wametiana majeraha katika mapigano ya kikabila, ambayo hayakuwa yamepona, na jirani mmoja alituuliza kama tumekosa mahali pengine pa kupeleka bonasi yetu. Mume wangu naye akaanza kusita. Mimi nikachukua kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyoganda na kutiwa masizi ya mti, nikamwambia mgeni haendi mikono mitupu.

Mfanyabiashara alilisikiliza ombi langu mpaka mwisho.

"Atiriri, hebu niambie, mwalimu," akamwambia mume wangu, "mama anataka kulala hapa ndio asikie gari ikiamka?"

"Ndivyo anasema," mume wangu akajibu huku akitazama viatu vyake.

"Mimi ningekuwa na akili kama hiyo, singenunua lori ile imeozea hapo nyuma." Akamwita mkewe aongeze viazi kwenye sufuria.

Jioni tulikula mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga, nao wakanywa mursik yetu. Mama wa nyumba alikunja uso kwa funda la kwanza, kisha akaomba nyingine. Mwenye gari alitutajia kasoro zote bila kuulizwa: dirisha moja la nyuma halishuki, linakunywa mafuta, breki ya mkono imechoka. Kadiri alivyozitaja ndivyo moyo wangu ulivyotulia. Muuzaji anayekuambia kwamba ng'ombe wake hupiga teke ndiye ninayemwamini.

Asubuhi ya Kedowa ina baridi ya kuuma meno. Niliweka kiganja kwenye boneti, nikaikuta baridi kama jiwe la mtoni. Mwenye gari alinipa ufunguo mimi, si mume wangu. Sikujua kuendesha, nilijua kuzungusha ufunguo tu. Injini ilikohoa kidogo, ikanguruma, ikatulia. Nilicheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu.

Kisha tukaongea bei, na hapo nikageuka mwoga. Hakupunguza hata kidogo. Alisema kuna mnunuzi mwingine anakuja kutoka Londiani, na huyu hakuwa wa kubuni, maana tulikuwa bado tunanywa chai alipobisha hodi langoni. Alichokubali kuongeza ni minyororo ya kufunga kwenye magurudumu wakati wa matope. Nikaanza kuona mbolea, mabati ya jikoni, karo za wadogo zangu, vyote vikiondoka na gari lenye harufu ya viazi.

"Tuache," nikamnong'oneza mume wangu. "Tutapata la bei ya chini."

Yeye alitoa bahasha kwenye koti akaiweka mezani mbele ya mwenye gari. Huyo huyo aliyeninunia kwa sababu ya gari la bei nafuu! Nilimkasirikia na kumshukuru kwa wakati mmoja.

Tulipita Kericho, tukashika njia ya kwetu katikati ya majani chai. Lami ilipoisha alipunguza mwendo, akatia gia ndogo, ingawa barabara ilikuwa kavu. Hakunitazama.

"Sijawahi kukuuliza," akasema. "Alikuwa kijana ama msichana?"

Nilimgeukia.

"Msichana," nikamwambia. "Alikuwa na masikio yako."

Aliendelea kuendesha machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Nami nililia, na sikuona haya.

"Huyu tutafika naye," akasema.

Tulifika naye, Aprili, minyororo ikiwa kwenye magurudumu na matope mpaka madirishani, na siku ya kurudi nyumbani baba yake alimbeba mwenyewe kutoka wodini mpaka kwenye gari, akikataa kumpa mtu yeyote, hata mimi.