Aliyepima Mlango wa Masjala

Nilihamishwa kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa nikiwa na magongo yangu mawili, begi la nguo na mashaka mengi. Barua ilisema nahamishwa kwa manufaa ya kazi. Mimi ni mtunza kumbukumbu, barua za namna hiyo zimepita mikononi mwangu nyingi, na najua maneno hayo huandikwa pia mtu anapokuwa hatakiwi.

Miguu yangu ilipooza kwa polio nikiwa mtoto, kwetu Mnero. Masista wa misheni walinifundisha kutembea kwa vyuma na magongo, na hadi leo natembea. Lakini ofisi ya Ruangwa ilikuwa na ngazi tano mlangoni, bila pa kushika, na choo kilikuwa nyuma ya jengo, cha kuchuchumaa. Kwa hiyo sikutia kitu mdomoni tangu asubuhi mpaka nirudi nyumbani. Wenzangu wakiagiza chai na maandazi, nilisema tumbo haliko sawa. Nilisema hivyo miezi kadhaa, na hakuna aliyeuliza ni tumbo gani hilo lisilopona.

Isipokuwa mmoja. Alikuwa afisa utumishi wetu, mwanamume wa rika langu, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa hadi upande wa Chiola. Sikumpenda, na sababu yenyewe naona aibu kuisema. Ng'ombe wa wafugaji waliwahi kuingia shamba la mbaazi la kaka yangu wakalimaliza, na tangu hapo kila aliyetoka huko ziwani nilimwona kama alikuwepo siku ile na fimbo mkononi.

"Dada, mbona hunywi chai na sisi?" aliniuliza.

"Sijisikii."

"Hata maji?"

"Kaka, kumbe unanihesabia maji?"

Akacheka kidogo, akaondoka. Kesho yake, nikiwa napanda zile ngazi, nikamwona dirishani akitazama saa yake. Nilipofika juu nikihema, akaandika kitu kwenye daftari dogo, akalitia mfukoni.

Kuna jambo lilinitokea Nachingwea ambalo lilinifundisha kuogopa madaftari. Nilikuwa nakaa dirisha la kupokea wananchi. Akaja mkubwa mmoja na daftari mkononi, akaniuliza kwa upole kama nachoka, kama kiti kinanifaa, kama njia ni ndefu. Nilimjibu kwa moyo mweupe. Wiki iliyofuata nilipelekwa chumba cha nyuma, kati ya maboksi, na dirishani akawekwa mwingine. Niliambiwa ni kwa kunionea huruma.

Basi nilipomkuta huyu wa Ruangwa amepiga goti anapima mlango wa masjala, chumba ninamotunza mafaili, kwa futi, sikuuliza. Nilipomwona tena anatoka nyuma ya jengo, futi mkononi, kutoka kilekile choo nisichokiweza, nikaamini ananitafutia sababu ya kuniondoa. Nilianza kulifunga faili langu kwenye kabati na kutembea na ufunguo.

Halafu nikasikia. Nilikuwa napita nje ya chumba cha bosi wetu, mama mmoja mkimya, na mlango haukufungwa vizuri.

"Yule dada hawezi kuendelea kukaa kule masjala," alisema yule kaka.

"Basi mtoe," bosi akajibu. "Na iwe mapema."

Nilishuka ngazi siku hiyo kwa haraka hadi gongo moja likaniponyoka. Nilimpigia simu dada yangu Mnero, nikamweleza kwamba naandika malalamiko. "Usiandike kwa hasira," akasema. "Muulize kwanza." Sikumsikiliza. Nilimwandikia bosi barua ya ukurasa mzima, kwamba afisa huyu ananifuatilia kwa nia mbaya, ananipimia muda, ananivizia hadi chooni. Nikaiwasilisha asubuhi.

Mchana tuliitwa wote wawili. Bosi aliisoma barua yangu kwa sauti. Ilipofika kwenye neno chooni, yule kaka alifumba macho. Alitoa lile daftari, akalifungua mezani, akalisogeza kwangu.

Alikuwa amechora mlango wetu wa mbele, ameandika dakika ninazotumia kupanda ngazi, na pembeni yake njia ya mteremko. Alikuwa amechora choo cha kukaa, chenye vyuma vya kushika. Alikuwa amehamisha masjala kutoka mwisho wa korido kuileta chumba cha kwanza, na rafu zote zimeshushwa usawa wa kifua changu.

"Kutolewa ni kutoka kule nyuma kuja hapa mbele," bosi alisema. "Kibali kimeshatoka."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini macho yangu yalibaki kwenye mchoro, na nikaona kitu.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikamwambia.

"Niliogopa utakataa, dada. Kila nikikusogelea unakasirika."

"Ungeniuliza, ningekwambia mteremko huu ni mkali, gongo litateleza. Na huu mlango wa choo unafungukia ndani. Nikianguka mle, mtaufunguaje?"

Alichukua kalamu, akafuta mlango, akauchora ukifungukia nje. Wiki zilizofuata nilisimama na fundi kila siku. Mteremko wa kwanza nilijaribu, nikauona bado mkali, ukavunjwa ukajengwa upya kwa urefu zaidi. Fundi alinuna. Sikujali.

Siku masjala ilipohamia mbele nilikunywa vikombe viwili vya chai.

Barua yangu, hata hivyo, ilikuwa imeshapokelewa na kugongwa muhuri, na ilipaswa kukaa kwenye faili la yule kaka. Mwenye funguo za mafaili ni mimi. Ningeweza kuichomoa, na nilikaa nayo mkononi muda mrefu nikiwaza hivyo. Karatasi ikishaingia faili haichomolewi. Nikaandika nyingine ya kuifuta ya kwanza, nikaeleza kosa langu bila kuficha kitu, nikampelekea bosi asaini, nikaipa namba inayofuata kwenye faili lilelile.

Nilimwomba msamaha pia, uso kwa uso. "Yameisha, dada," alisema. Naamini alimaanisha.

Lakini tangu hapo, akiwa na shida ya faili, haingii masjala. Husimama pale mlangoni, mlango wazi kabisa, na huniomba kwa sauti ambayo korido nzima inaisikia.