Tulivyochora ramani ya vivutio Guangzhou kuokoa jiko la Bi Shani

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, labda pilipili kidogo.

Miaka ile ya elfu mbili, Wabongo tumejaa Guangzhou utadhani Kariakoo imehamia huko. Mimi nilikuwa nafunga mizigo ya nguo za kutuma nyumbani pale mtaa wa Guangyuan Xilu, na chakula tunakula kwa Bi Shani, mama wa Tanga aliyepanga flat ghorofa ya tisa akageuza sebule kuwa mgahawa. Pilau lake lilikuwa linakurudisha nyumbani bila tiketi.

Tatizo, hapajulikani. Kibao hakuna, lifti mbovu, unapanda ngazi za nje za chuma, zile za kukimbilia moto.

Siku moja laoban, mwenye jengo, akachungulia akakuta viti vitupu. Akamwambia Bi Shani mwisho wa mwezi aondoke, pale pawe stoo ya mabegi. Mama wa watu hakulalamika. Alianza tu kupikia sufuria dogo, na hiyo ndiyo ilituuma.

Sasa mnazikumbuka zile ramani za bure za mapokezi hotelini? Barabara nyembamba, halafu mnara, boti na bustani ya mamba vimechorwa vikubwa kuliko mtaa mzima. Ukiiamini, mamba yuko nyuma ya hoteli. Ukienda, nusu siku uko kwenye basi.

Nikamwambia Sudi, rafiki yangu Mzenji mwenye mkono wa kuchora, "Kwani sisi hatuna vivutio?"

Tangi la maji la jengo likawa Mnara wa Bahati. Ngazi za moto zikawa Ngazi za Mfalme. (Mfalme gani? Msiniulize.) Juu yake sahani ya pilau kubwa kuliko stesheni ya treni. Tukatoa kopi, tukazimwaga kwenye hoteli wanazofikia wageni wetu.

Wakaja wachache, na wote walikuwa watu wa msikitini. Wengine hawakuonekana.

Kumbe Sudi, badala ya kuweka kaskazini juu ya karatasi, kaweka kibla, na kule China kibla ni magharibi. Wallahi. Huyu jamaa akiingia chumba chochote, kitu cha kwanza ni kibla, kaskazini ni habari za watu wengine. Anaoswali nao walielewa bila kuambiwa. Waliobaki walikuwa wanazunguka mji.

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Mchana mmoja tunashuka ngazi, tukamkuta papaa wa Lubumbashi, suti ya krimu, viatu vimejaa vumbi, anamsukumia laoban ramani usoni.

"Weye, ngazi ya mfalme iko wapi? Natembea tangu asubuyi!"

Sudi akataka kurudi juu. Nikamshika shati.

Laoban akaniuliza huyu anataka nini. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamwambia, "Ametoka mbali, amekuja kuona ngazi zako."

Uongo uko wapi hapo?

Laoban akaziangalia zile ngazi zenye kutu, muda mrefu. "Watakuja wengine?"

"Wengi. Lakini na pilau limo kwenye ramani. Likiondoka, kivutio kimeharibika."

Papaa alipanda, akala sahani mbili, akatusamehe. Sudi akachora upya, kaskazini juu, huku ananuna.

Wiki iliyofuata ngazi zimepakwa rangi nyekundu. Mwenye mabegi alipokuja kuulizia stoo yake akajibiwa "mei you", hakuna. Na Bi Shani akalirudisha jikoni lile sufuria kubwa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Nilichojifunza: kabla hujafuata ramani, jua kwanza aliyeichora anataka ufike wapi.

Nilirudi miaka kadhaa baadaye. Pilau lipo. Laoban kakaa chini ya ngazi, hakunitambua, akanihadithia kwa kirefu huyo mfalme alivyozipanda na wake zake wote. Kisha akanitoza hela ya picha.

Nikalipa, wakuu. Ningemwambia nini?

Haya, na nyie mliowahi kuingizwa mjini na ramani, uwanja ni wenu.