Bugali na Mboga za Mataifa

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumamosi, mke wangu alipotupa kijiko cha mbao kwenye ndoo ya takataka na kusema kwamba yeye hawezi kumpa mtu chakula kwa kijiko.

Kijiko chenyewe kilikuwa kidogo kama cha dawa ya kikohozi. Waandaaji wa maonyesho ya mataifa walikuwa wamegawia kila meza boksi la vijiko vya namna hiyo na boksi la vikombe vya karatasi. Masharti yalikuwa wazi, na nilikuwa nimemsomea mara mbili nyumbani kwetu Glenwood. Mgeni ananunua kuponi mlangoni, kila moja randi ishirini. Kwa kuponi moja anaonjeshwa kikombe kimoja cha chakula cha nchi fulani. Anaonja, anasogea meza nyingine, na jioni kila meza inalipwa kwa kuponi ilizopokea. Kwa mpango huo mtu anaweza kuizunguka dunia kabla ya saa tisa alasiri na bado akawahi kwenda ufukweni.

"Kuonja ni kazi ya mupishi," mke wangu alisema. "Mutu ametoka kwake, amekuja kwako, unamupa kijiko? Iko mugonjwa?"

"Ni masharti, mama."

"Kwetu Uvira, hata polisi mwenye amekuja kukufunga, akikuta chakula mezani, anaketi kwanza."

Mimi natengeneza simu. Maisha yangu yote ni skrubu ndogo na vipimo, na kila ninachojua zaidi ya hapo nimekipata katika vitabu vya maktaba ya mjini. Humo nilikuwa nimesoma juu ya maonyesho makubwa ya zamani, jinsi watu walivyokula kwa mara ya kwanza vyakula vya nchi ambazo hawangefika kamwe. Kwa hiyo nilifika pale nikiwa na heshima kubwa kwa vikombe vya karatasi. Nilikuwa nimepima sombe, kisamvu chetu, kwa mizani ya jikoni na kujua itatoa vikombe vingapi. Tulihitaji unga kidogo tu, tonge moja dogo la bugali, ugali wa kwetu, katika kila kikombe. Mke wangu alikuja na gunia zima. Kwenye taxi gunia lilikaa kwenye kiti chake peke yake, na nauli yake tulilipa.

Siku hiyo haikuwa ya mchezo kwake. Kwa miaka mingi alisuka nywele katika saluni ya mtu mwingine, amesimama kutwa, mpaka mgongo ukaanza kumwamsha usiku. Alitaka kuacha na kufungua mgahawa mdogo. Chumba chenye jiko tulikuwa tumekiona, karibu na wanafunzi wanaopanga mtaani kwetu. Mimi nilisita, kwa sababu nimeona migahawa mingi ya wenzetu ikifunguliwa kwa maombi na kufungwa kimya kimya. Tukakubaliana kwamba maonyesho ndiyo yawe kipimo. Meza ikifunga siku bila hasara, anaaga saluni. Ikileta hasara, hata ya randi moja, anarudi kwenye vitana na habari ya mgahawa haitajwi tena. Alinipa mkono upesi mno. Nilipaswa kushtuka hapo.

Mataifa makubwa yalikuwa ukumbi wa mbele, yana migahawa kamili yenye vitambaa vyeupe na wahudumu waliovaa tai. Sisi wadogo tulipangwa ukumbi wa nyuma, kati ya vyoo na mlango wa kutolea takataka. Kulia kwetu alikuwa Mtanzania mwenye pilau. Kushoto, mzee wa Kigiriki mwenye nyama ya kondoo. Mbele yetu, wanafunzi watatu wa Kikorea walikuwa na kabichi ya pilipili iliyonukia mpaka barabarani.

Mke wangu aliazima viti kwa mlinzi wa mlango, akavipanga kuizunguka meza. Kisha akatoa birika na beseni. Mgeni wa kwanza, mama mmoja wa Pinetown aliyetoka chooni na wala hakuwa akitutafuta, alikalishwa, akanawishwa mikono kwa maji ya uvuguvugu, akapanguswa kwa taulo, halafu akawekewa sahani: bugali, sombe na ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga. Kwa kuponi moja. Mama yule aliitazama sahani, akamtazama mke wangu, akapiga simu. Nilisikia akisema kwa Kizulu waje wote.

Mimi nilikuwa nimekula sahani yangu mapema, ili kuangalia chumvi.

Wakaja wote. Walikuja na majirani. Ilipofika saa tano foleni ilikuwa imepita vyoo, imekunja kona na kuingia ukumbi wa mbele, ambako wahudumu wenye tai walisimama na trei zao wakituchungulia. Watu hawakujua wamepanga foleni ya nini. Wengine walidhani ni foleni ya kunawa tu, na hilo peke yake liliwatosha. Mzee mmoja alinawa, akatoa kuponi, akashukuru, akaondoka. Mke wangu alimkimbilia na kumrudisha kwa mkono kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Kaka, mkeo kanifilisi!" Mtanzania alinipigia kelele. "Mimi nauza kikombe, yeye anatoa sinia. Nani ataniangalia mimi?"

"Kaongee naye mwenyewe."

"Shemeji! Utatuua wenzio!"

"Kuja kula, uache makelele," mke wangu alimjibu bila kugeuka.

Akaja, akala. Akanishika mkono nile naye, na nikala sahani ya pili, nimegeukia ukuta ili nisionekane.

Saa sita na nusu sombe iliisha. Ndagala walikwisha pia. Vyakula nilivyovipima vifike saa kumi na moja jioni vilikuwa matumboni mwa watu, na foleni ilikuwa palepale. Nilipiga hesabu kichwani.

"Usinitazame na huo uso wa hesabu," mke wangu alisema.

"Kimebaki nini?"

"Bugali."

"Bugali na nini?"

Macho yake yalikuwa yameshahama. Alikuwa anamtazama mtu mmoja mkubwa, kifua kama mlango, amevaa jezi ya raga. Alikuwa amesimama kwenye foleni yetu huku akihangaika na kikombe cha kondoo alichonunua kwa Mgiriki. Kijiko cha mbao kilikuwa kimemvunjikia ndani ya mchuzi.

"Papa," alimwita kwa Kiingereza chake cha saluni, "unakula umesimama sababu gani? Kaa. Kaa hapa."

Yule bwana akakaa. Akanawishwa. Mke wangu akamtolea kikombe mkononi, akakimimina kwenye sahani, akaweka kando yake bugali la moto ukubwa wa ngumi, akamwonyesha jinsi ya kukata tonge na kulibonyeza katikati kwa kidole gumba. Bwana akajaribu. Akafumba macho. Kisha akasimama na kuutangazia ukumbi mzima, kwa sauti ya uwanjani, kwamba mchuzi unanunuliwa meza nyingine na unakuja kuliwa hapa.

Hakuna mpango niliowahi kuandika uliofanya kazi kwa kasi ile. Kuponi moja ya mboga kule, kuponi moja ya bugali kwetu. Watu wakatawanyika na kurudi mbio wakiwa na vikombe mikononi, wakivifunika kwa viganja visimwagike. Bugali na kondoo. Bugali na kabichi ya Kikorea, ambayo nasema kwa uangalifu wote ni mboga iliyozaliwa kwa ajili ya bugali, ila wenyewe walikuwa hawajaambiwa. Wanafunzi wale waliacha meza yao wakaja kuhakikisha, wakaanza kucheka, wakapigana picha na matonge. Mtanzania alileta mchuzi wa pilau bila pilau. Kutoka ukumbi wa mbele akaja mhudumu mwenye tai amebeba bakuli la kambare wa mchuzi mweupe, akauliza kwa adabu kama mama anaweza kumsaidia na lile bugali, kwa sababu wageni wake wameondoka wote na yeye ana njaa.

Mimi nilisonga. Sijawahi kusonga bugali kwa ajili ya mtu yeyote nje ya nyumba yangu, lakini siku hiyo nilivua saa, nikakunja mikono ya shati, nikazungusha mwiko mpaka jasho likaniingia machoni. Mzee wa Kigiriki alinishikia sufuria. Hatukuwa na lugha moja. Yeye alisema kwa Kigiriki, mimi kwa Kiswahili, na tulielewana juu ya kila kitu. Sufuria ilipotulia tulikaa tukala sahani moja moja, kondoo wake na bugali langu, na nakiri nililamba vidole.

Hapo ndipo alipotokea bibi wa waandaaji, kitambulisho shingoni, faili kifuani. Asubuhi alikuwa ameshapita mara moja kutuonya.

"Eish, mama," alisema. "Nilikwambia. Viti havimo kwenye masharti. Kunawisha watu hakumo. Sahani hazimo."

"Ndiyo, mama," mke wangu alisema. "Na wewe umekula?"

"Niko kazini."

"Sikuuliza kazi."

Bibi alitazama kulia na kushoto. Kisha polepole akatoa mkono uliokuwa nyuma ya faili. Ulikuwa umeshika kikombe cha kabichi ya pilipili. Foleni nzima ililipuka kwa kicheko, naye akacheka kuliko wote, akaweka faili chini ya kiti na kunyoosha mikono juu ya beseni.

Tulikung'uta gunia saa kumi na moja kasoro. Hakikubaki hata kiganja cha unga.

Jioni nyumbani mke wangu aliloweka miguu katika beseni lilelile, nami nikakaa na simu yangu kupiga hesabu. Kodi ya meza, gesi, mafuta, sombe, ndagala, unga, taxi pamoja na kiti cha gunia. Nilirudia mara tatu. Sikutamani kulisema jibu. Yeye alijua, kwa sababu aliacha kuchezesha vidole ndani ya maji.

"Sema."

"Hasara. Forty-two rand."

Alitoa mguu mmoja majini, akaurudisha. Redio ya jirani ilikuwa inahubiri.

"Umehesabu sahani zako?" aliuliza.

"Sahani gani?"

"Ya asubuhi, ya kuangalia chumvi. Ya saa sita, ulikula umegeukia ukuta. Na ya muzee wa Kigiriki, yenye ulilamba vidole."

"Mimi ni bwana yako!"

"Hapa nyumbani. Kule mezani nilikunawisha mikono, ao sikukunawisha?"

Alikuwa ameninawisha. Mara zote tatu, kwa birika, pamoja na taulo, na mimi nilinyoosha mikono kama wageni wengine.

"Mutu mwenye nimenawisha ni mugeni," alisema. "Mugeni iko na kuponi. Twenty mara tatu ni ngapi, we mwenye kusoma?"

Nilitafuta kosa katika hoja ile kwa uaminifu wote, na sikulipata. Nikafungua pochi, nikatoa pesa zangu za simu, nikazihesabia juu ya goti lake lililolowa. Tulicheka mpaka jirani akapunguza redio ili asikie kuna nini. Jumatatu alikwenda saluni kuchukua vitana vyake na kuaga.

Hesabu nilikuwa nimeirekebisha usiku uleule wa Jumamosi, kabla ya kulala. Faida ya siku nzima, baada ya kutoa kila kitu: randi kumi na nane.