Gunia la Mdandu Ndani ya Kompyuta

Ida Mlowe ni mchumi wa muungano wa vyama vya wakulima pale Njombe, na kama hujawahi kuona mtu aliyevaa makoti mawili akigombana na kompyuta, basi hujafika ofisini kwake.

Mwaka huu alipewa programu inayoigiza soko. Unaiingizia mavuno, nauli za malori na bei, nayo inakuambia kama ghala la viazi likijengwa kijiji fulani litalipa. Jibu la Mdandu lilitoka upesi: lisijengwe, viazi vya huko ni vichache mno. Kikao cha kupitisha orodha ya maghala kilikuwa Ijumaa. Bila ghala, watu wa Mdandu wangeendelea kuuza kila kitu msimu wa mavuno, kwa bei aipendayo mwenye lori.

Ida alikataa, na si kwa sababu tu kwao ni Mdandu. Programu ile ile ilidai kwamba soko la Makambako linauza viazi vya Mdandu vingi kuliko vilivyochimbwa Mdandu. Yaani vilikuwa vinazaliana barabarani. Alikagua fomula moja moja, akatafuta nukta iliyohama, akaifuta programu na kuiweka upya. Viazi vikaendelea kuzaliana. Bosi wake Methusela, mtu mpole anayeogopa lawama kuliko baridi, akamwonya asije akapika takwimu kwa ajili ya kijiji chake. Neno hilo lilimuuma, na sioni kwa nini lisimuume.

Jumatano akapanda basi hadi Makambako kwa Halfan, dalali wa viazi anayeiamini mizani yake kuliko ndugu zake. Halfan akasoma karatasi za Ida mpaka penye mstari usemao gunia moja ni kilo mia, akaangua kicheko, akaagiza liletwe gunia lililoshuka asubuhi ile kutoka Mdandu. Lilikuwa lumbesa haswa: limejazwa hadi mdomoni, likashonewa wavu juu, likajazwa tena. Mizani ikasoma mia na arobaini na mbili.

"Dada Ida," akasema, "humo kwenye kompyuta umeingiza gunia au umeingiza sheria?"

Lumbesa, linalolipwa kama gunia moja la kawaida, limepigwa marufuku, kila mtu anajua, na kila mtu analifunga. Ida akapima mengine thelathini, na wastani haukusogea. Shambani mavuno yalihesabiwa kwa magunia, sokoni mauzo yalipimwa kwa kilo. Aliporekebisha namba ile moja, viazi vikaacha kuzaliana, na ghala la Mdandu likalipa.

Ijumaa asubuhi Methusela alitaka kujua nani aliandika mia.

"Mimi, bosi," Ida akasema. "Nimekua nikimshikia mama gunia akishona lumbesa. Niliona aibu kuandika kwamba nyumbani tunavunja sheria."

Methusela hakumgombeza. Alimwambia aiandike namba ya kweli kwenye ripoti, kisha akaisome mwenyewe mbele ya kikao.

Ghala likapita bila ubishi. Lakini Ida alipofika kwenye mstari wa magunia aliacha kusoma, akapiga hesabu pembeni ya karatasi. Hesabu hiyo alikuwa hajawahi kuifanya kwa ajili ya nyumbani: kwa kila magunia matano ambayo mama yake alilipwa miaka yote ile, mawili mengine ya kilo mia alikuwa ameyatoa bure.