Baba Hakujua Kazi Yangu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nimeketi jikoni kwa mama nikila githeri. Mpaka leo natamani Jumapili ile irudi, hata kwa dakika tano tu.

Leo wewe, mwanafunzi wangu, umepewa cheti, watu wakasimama kukupigia makofi kwa utafiti wako wa wanyamapori. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Uliniona nyuma ya ukumbi nikijifuta macho ukafikiri ni furaha tupu. Haikuwa hivyo. Mimi pia nilipigiwa makofi nikiwa na umri wako, na kilichofuata sijawahi kumweleza mtu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Siku hizo utafiti wa wanyama ulikuwa kazi ya Wazungu. Mwafrika alibeba darubini, hakutazama ndani yake. Mimi nilipotoka chuo kikuu nikaajiriwa kuchunguza fisi waliokuwa wakiishi katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, nyuma ya mashamba ya Karen, pembezoni mwa mji. Nilifanya kazi na askari wa msitu aitwaye Barasa, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye macho makali kuliko darubini yangu. Tuliwajua fisi wale mmoja mmoja. Yule jike mkubwa mwenye sikio lililochanika alikuwa na watoto wawili, weusi kama makaa, na kila asubuhi walitoka shimoni kutuchungulia.

Sasa sikiliza aibu yangu. Shamba la baba lilikuwa upande wa pili wa msitu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Yeye na mama waliuza ng'ombe ili nisome. Kwetu fisi ni mnyama wa kutemewa mate. Ningemwambiaje baba kwamba shahada yote ile imenipeleka kufuata fisi? Nikawaambia nafanya kazi ofisini mjini. Nilikodi chumba hukohuko mjini, mtaa wa Hurlingham, nikawa nakwenda nyumbani Jumapili tu, baada ya kanisa, nimevaa viatu vya kisigino. Gari la kazi likipita karibu na lango letu, nilikuwa nainama nijifanye natafuta kitu chini.

Jumapili hiyo ninayokwambia, baba aliingia jikoni akaketi bila kuvua koti.

"Fisi wamenimaliza," akasema. "Mbuzi watatu wiki hii. Hawa wanyama nitawafanyia dawa."

Nilijua wanatoka wapi. Nilijua boma lake lina pengo upande wa mto, na kwamba miiba ya siku moja ingetosha kuliziba. Nilijua yote, mwanangu, ndiyo kazi niliyokuwa nikilipwa kuijua.

"Pole, Baba," nikasema, nikaendelea kula.

Alhamisi iliyofuata nilisimama katika hoteli kubwa katikati ya mji, mbele ya mabwana wenye tai na wake zao. Nilieleza habari za fisi kwa Kiingereza safi. Nikasema wazi kwamba mwananchi akielimishwa hatamdhuru mnyama. Walipiga makofi mpaka nikaona haya. Mpiga picha wa gazeti akaniambia nitabasamu.

Asubuhi yake Barasa alikuwa akinisubiri barabarani, kofia mkononi.

"Dada, leo acha daftari kwa gari," akasema. "Wote wamelala. Mtu ameweka sumu kwa mzoga ya mbuzi."

Tulihesabu kumi na mmoja. Yule mwenye sikio lililochanika alikuwa amejikokota hadi hatua chache kutoka shimoni, ulimi nje. Watoto wake walikuwa hai, wamemlalia tumboni. Hawakuwa wameanza kula nyama, ndiyo maana sumu haikuwapata. Barasa alileta maziwa, tukajaribu kwa chupa na kwa kitambaa. Walikataa. Walichotaka ni mama yao. Wa kwanza alikufa Jumapili, wa pili Jumatatu, mikononi mwangu.

Jumatatu hiyohiyo baba alikuja machimboni. Mwenye duka alikuwa amemwonyesha picha yangu gazetini na kumwambia ninakofanya kazi. Baba akalitoa gazeti ndani ya koti, akalinyoosha juu ya jiwe.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Nisomee."

Nikamsomea, nikimgeuzia kwa lugha yetu: binti wa Kiafrika anayewajua fisi kuliko mtu yeyote. Akatazama kile kitoto nilichokuwa nimekipakata.

"Siku ile ulipokuwa ukila kwangu ulijua ni hawa?"

"Nilijua."

"Sumu niliweka mimi," akasema. "Ungesema ni kazi yako, ningeziba boma. Mbuzi ni nini? Niliuza ng'ombe kwa ajili yako." Kisha akaongeza polepole, "Wale wa hotelini uliwaambia. Mimi ukanificha."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliinuka akaenda zake, na tangu hapo kila nilipomtembelea alinipokea vizuri, akaniuliza habari za afya, lakini za kazi hakuuliza tena hadi alipofariki. Fisi hawakurudi. Niliandika makala nyingi baadaye, mwanangu, nikapata vyeo, na hakuna hata kimoja kilichofufua kitu pale machimboni. Sasa pamejengwa nyumba. Wanaokaa humo hawajui kulikuwa na nini, nami sina nguvu za kuwaambia.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kabla hujawafundisha wageni, nenda kawaeleze watu wa kwenu unafanya nini, kwa lugha yao, hata wakikucheka. Usiionee aibu kazi yako mbele ya waliokulea, wala usiwaonee aibu wao mbele ya wakubwa. Mtu akikulalamikia kuhusu mnyama unayemchunguza, weka kijiko chini uzungumze saa ileile. Mimi sikuzungumza, na sijui kama nilishasamehewa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mwepesi nyumbani kwenu, akupe wazazi wa kukusikiliza wakiwa bado hai, na wale unaowachunguza awape maisha marefu kuliko ya fisi wangu.